Serikali itoe ruzuku ya kuokoa kumbukumbu za mashinani

Mwaka 2025, wakati mjadala wa uchimbaji wa dhahabu ulipopamba moto huko Isulu na Bushiangala katika eneo la Ikolomani, nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Mukumu nikingoja matatu ya kunirudisha mjini Kakamega. Mzee mmoja aliyenifahamu kwa kazi yangu ya ualimu alinisogelea, tukajuliana hali, kisha akaniuliza swali ambalo sijapata kulijibu hadi leo. "Mwalimu," alisema, "wakati ule wa dhahabu ya kwanza, baba zetu waliahidiwa nini juu ya mashamba yao? Na karatasi ya ahadi hiyo iko wapi?"

Sehemu ya kwanza ya swali hilo ina jibu katika vitabu vya historia. Dhahabu iligunduliwa karibu na Kakamega mwaka 1931, na muda si muda wachimbaji wa Kizungu wakafurika. Sheria ya ardhi za wenyeji ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Mwafrika ikitwaliwa kwa ajili ya shughuli za umma, basi sharti kipande kingine kitolewe badala yake. Desemba 1932 sheria hiyo ikarekebishwa kwa haraka, ili ardhi ya machimbo itwaliwe bila kutoa nyingine na bila kungoja kauli ya Baraza la Wenyeji. Ahadi ilidumu miaka miwili tu. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Carter ilichapisha taarifa yake mwaka 1934, na anayetaka kuisoma anaweza kuipata katika maktaba kubwa.

Sehemu ya pili ndiyo ngumu. Karatasi aliyoiulizia mzee yule si moja bali ni nyingi: kumbukumbu za mikutano ya Baraza la Wenyeji, barua za machifu, madaftari ya wakuu wa wilaya, barua za wamisionari walioshuhudia mambo yale, hati na stakabadhi ambazo wenye mashamba walizitia katika masanduku ya bati na kuwarithisha wana wao. Baadhi zimo Nairobi. Baadhi zimo katika ofisi ya kanda ya nyaraka papa hapa Kakamega. Nyingine zilivuka bahari. Na sehemu ambayo hakuna ajuaye ukubwa wake imo katika stoo za makanisa, makabati ya shule kongwe na chini ya vitanda vya wajane, ambako msomaji wake wa kila siku ni mchwa.

Nyaraka hizi za mwisho ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Naona wakati umefika kwa serikali ya taifa na serikali za kaunti kuanzisha ruzuku ya kudumu, hata ikiwa ndogo, ya kuhifadhi makusanyo ya kihistoria yaliyo nje ya majumba ya serikali; ruzuku itakayoyafuata makusanyo hayo mahali yalipo, badala ya kungoja yahamishiwe jijini au yaozee mashambani.

Chukua Mukumu yenyewe. Jina hilo ni la mti, ndugu wa mugumo wanaouheshimu Wakikuyu. Mapadre wa shirika la Mill Hill walifungua misheni hapo mwaka 1906, miaka miwili baada ya kufika Mumias, na tangu hapo pamezuka kanisa, shule na hospitali. Mahali palipoishi kanisa, shule na hospitali kwa zaidi ya karne moja ni mahali palipoandikwa mambo mengi. Sheria ya Kanisa Katoliki inailazimu kila parokia kuweka daftari za ubatizo, za ndoa na za vifo. Shule huandika majina ya wanafunzi, vijiji watokako na karo waliyolipa. Katika nchi ambayo watu wengi wa kizazi cha babu zetu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, daftari la ubatizo la misheni kongwe mara nyingi ndilo andiko la kwanza linalothibitisha kwamba fulani aliishi, alizaliwa na nani, na kwao ni wapi.

Mwanaisimu huyaona mengine zaidi katika daftari hizo. Mapadre wa Mill Hill walitoka Uholanzi, Uingereza, Tirol na kwingineko, na kila mmoja aliandika jina la Mwisukha au Mwidakho kama sikio lake lilivyolipokea. Jina moja la ukoo huweza kuandikwa kwa namna tatu katika muda wa miaka thelathini. Karani ataita hayo makosa ya tahajia. Kwa mtu anayechunguza sauti za lugha, ni ushahidi wa jinsi maneno yalivyotamkwa kabla ya kinasa sauti kufika kijijini. Aidha, katika miaka ya 1940 kulikuwa na kamati iliyojaribu kuziunganisha lahaja za Waluhya katika maandishi ya aina moja, na L. L. Appleby wa misheni ya Kianglikana akatunga sarufi na msamiati kwa kusudi hilo. Walogoli walishikilia maandishi yao wenyewe, na mwaka 1951 wakapata Biblia nzima kwa lugha yao. Leo walimu wa madarasa ya chini wanapotakiwa kufundisha kwa lugha ya eneo, mabishano yale yale yanaanza upya: tuandike kwa lahaja ipi, na kwa herufi zipi? Hoja zetu zingekuwa na uzito zaidi lau tungezisoma kwanza zile za wenzetu waliotutangulia, zilizoandikwa katika barua na rasimu zao.

Nisije nikaonekana nawanyoshea wengine kidole, nami ni mkosaji. Mwaka 2004, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilizunguka Shinyalu na Ikolomani na kinasa sauti cha mkopo, nikarekodi kaseti kumi na tisa za wazee wakisimulia hadithi, wakitaja majina ya miti na kueleza taratibu za matanga. Nilinukuu nilichokihitaji kwa tasnifu yangu, kisha nikaziweka kaseti katika katoni juu ya kabati. Miaka kumi na mitatu baadaye mjukuu wa mama mmoja niliyemrekodi alinipigia simu kutoka Eldoret. Nyanyake alikuwa ameaga, na familia ilitaka kuisikia sauti yake siku ya mazishi. Nilipoifungua ile katoni nikakuta ukungu mweupe umetambaa juu ya utepe. Kaseti saba ndizo zilizocheza, na ya mama yule haikuwamo. Nilimwambia mjukuu ukweli. Alinyamaza kidogo, akanishukuru kwa adabu, akakata simu.

Mwaka 2018, Septemba 2, Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro yaliteketea kwa moto baada ya miaka mingi ya kunyimwa fedha za matengenezo, na miongoni mwa vilivyopotea ni rekodi na maandishi ya lugha za wenyeji, nyingine zikiwa zimebaki bila msemaji hata mmoja. Ulimwengu mzima ulilia. Katoni yangu haikuliliwa na yeyote ila familia moja, ilhali hasara ni ya aina ile ile.

Tuitazame sheria. Sheria ya nyaraka za umma ilipitishwa mwaka 1965, na ndiyo iliyounda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ambayo makao yake ni lile jengo la zamani la Benki ya India katika barabara ya Moi, Nairobi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ni ya mwaka 2006. (Sisi Wakenya tumezoea kuziita asasi zote mbili makavazi, jambo ambalo huwatatiza wanafunzi wangu kila mwaka: moja hutunza vitu, nyingine hutunza maandishi, na wenye kugawa fedha nao huzichanganya vivyo hivyo.) Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti jukumu la maktaba na makumbusho, huku majengo na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki mikononi mwa serikali kuu. Kwa hiyo hatuna upungufu wa sheria. Tunachokosa ni mlango ambao parokia, shule, chama cha wazee au familia inaweza kuubisha na kusema: tuna makasha haya, paa linavuja, tusaidieni.

Njia ambayo dola letu limeizoea ni kununua au kupokea na kuhamisha. Njia hiyo ina sifa zake, wala siibezi. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais mwaka 1966, alikusanya vitabu, stempu, nyaraka na sanaa za Afrika kwa miaka mingi, na serikali ilipomnunulia makusanyo hayo iliyaokoa yasitawanyike ughaibuni. Leo sehemu yake inaonekana katika ukumbi wa chini wa Hifadhi ya Nyaraka. Kule Kitale, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974 yalianza kwa makusanyo ya mlowezi mmoja, Stoneham, aliyeyaacha kwa wasia. Lakini si kila kitu kinafaa kuhamishwa. Daftari la parokia bado lina kazi katika parokia. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuokolewa kwa dharura, haiwezi kuishi katika kabati la kioo Nairobi; wanaoipiga wako Shinyalu na Ikolomani, na ngoma kuukuu wanazojifunzia mafundi wa leo ziko huko huko.

Tena kuhamisha kuna historia chungu. Kuanzia miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kilijipatia nakala za filamu ndogo za nyaraka zetu nyingi za kikoloni, hivi kwamba mwanafunzi aliye jimbo la New York huweza kuisoma ripoti ya mkuu wa wilaya ya Kavirondo Kaskazini akiwa chuoni kwake, ilhali mwanafunzi wa Mukumu atalazimika kutafuta nauli na malazi ya Nairobi. Waingereza nao walipokuwa wakifungasha virago kabla ya uhuru walichoma baadhi ya faili na kusafirisha nyingine kwa siri. Faili hizo zilifichuliwa mwaka 2011 katika ghala la Hanslope Park, wakati wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza. Na mwaka 2013 serikali hiyo ikakubali kuwalipa fidia wazee 5,228. Asiyejua thamani ya karatasi kuukuu na awaulize wazee wale.

Katika nchi nyingine ruzuku za namna ninayoipendekeza si jambo geni. Marekani ilianzisha mwaka 1998 mpango wa kuokoa hazina zake za kihistoria, ambapo serikali hutoa dola moja kwa kila dola ambayo mwenye makusanyo ameitafuta mwenyewe. Uingereza tangu mwaka 1994 imekuwa ikielekeza sehemu ya mapato ya bahati nasibu ya taifa kwa makumbusho, hifadhi za nyaraka na majengo ya kale. Na kwetu pwani, mswada kwa mswada, maandishi ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu yalipigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mpango wa nyaraka zilizo hatarini ulio chini ya Maktaba ya Uingereza. Mpango huo una sharti zuri kwamba nakala asilia zisitoke nchini mwake. Nauliza tu: kwa nini anayelipia kazi ya Lamu awe mfadhili wa London?

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwamba kila kitu kipigwe picha kwa simu kisha karatasi itupwe. Picha ni jambo jema, na ningependa kila shule ianze kesho. Hata hivyo diski ya kompyuta hufa haraka kuliko daftari lililofungwa vizuri, na picha haina harufu, haina alama ya maji, haina maandishi ya upande wa pili ambayo mpigaji hakuyajali. Filamu ndogo iliyotengenezwa na kutunzwa sawasawa hukadiriwa kudumu miaka mia tano. Ni simu ipi ya mkononi iliyodumu kumi?

Wengine wataleta hoja nzito zaidi: zahanati hazina dawa, basari hazitoshi, itakuwaje tuzungumzie makasha ya karatasi? Hoja hii naiheshimu. Jibu langu ni kwamba kazi hii, ukiondoa maabara ya wataalamu, haihitaji mamilioni. Adui wa kwanza wa karatasi katika Kakamega ni unyevu, maana mvua yetu ni nyingi karibu mwaka mzima. Unyevu huleta ukungu, na karatasi zenye asidi, ambazo ndizo nyingi za karne ya ishirini, hujila zenyewe hadi zikavunjika kama majani makavu. Dawa ya awali ni mifereji ya paa iliyozibuliwa, rafu za chuma zilizoinuliwa juu ya sakafu na kutengwa na ukuta, dirisha linalopitisha hewa lakini halipitishi jua, makasha ya karatasi isiyo na asidi badala ya mifuko ya plastiki, na mtu mmoja aliyefundishwa kwamba karatasi iliyolowa haianikwi juani wala haibandikwi kwa gundi ya ofisini. Yule anayetia hati ya babu yake katika plastiki ya moto pale kwenye duka la fotokopi hudhani anaiokoa, kumbe anaifungia pamoja na asidi yake. Mafunzo ya wiki moja katika ofisi ya nyaraka ya Kakamega yangezuia maangamizi mengi ya aina hiyo.

Fedha zitoke wapi? Mwaka 2018 iliundwa Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo hulishwa na kodi za kamari na bahati nasibu. Wananchi wanaijua zaidi kwa habari za viwanja na timu za taifa. Vijana wetu wanacheza kamari usiku na mchana, kwa masikitiko ya walimu na wazazi. Ikiwa kodi ya msiba huo haina budi kukusanywa, basi sehemu yake ndogo na itengwe kwa makusanyo ya kihistoria. Kaunti nazo, maadamu makumbusho na maktaba ni kazi yao kikatiba, zichangie kiasi fulani kwa kila shilingi itokayo Nairobi. Mwenye makusanyo achangie chumba, ulinzi na kazi ya mikono. Mtu aliyetoa jasho lake hulinda kilichopatikana.

Sihitaji kuelezwa jinsi fedha za umma zinavyoweza kugeuka semina za hotelini na posho za safari. Kwa sababu hiyo ningependa ruzuku iwe ya viwango vidogo, itolewe kwa awamu, na awamu ya kwanza isilipie chochote ila orodha: nini kipo, cha mwaka gani, kwa lugha gani, katika hali gani. Orodha hiyo ibandikwe hadharani na nakala yake ipelekwe kwa Hifadhi ya Nyaraka. Asiye na orodha asipate rafu. Na anayepata fedha za umma awafungulie umma mlango kwa siku na saa zinazojulikana, walimu na wanafunzi wakiwa wa kwanza. Kuna mipaka, naam. Faili za wagonjwa si za kusomwa na kila mpita njia, na daftari za ubatizo zina siri za familia ambazo wahusika wake bado wako hai. Wataalamu wa nyaraka wana desturi ya kufunga faili za namna hiyo kwa idadi maalumu ya miaka, na desturi hiyo iandikwe katika masharti ya ruzuku tangu mwanzo, ili taasisi za dini zisiogope kwamba kupokea msaada wa kuziba paa ni kusalimisha siri za waumini.

Huenda swali la mzee wa Mukumu lingepata jibu kwa njia hii, na huenda lisipate; orodha ikikamilika ndipo tutakapojua kama barua anayoitafuta ipo. Lakini kampuni inayotaka kuchimba chini ya shamba huja na mawakili na ramani. Mwenye shamba huja na kumbukumbu ya yale aliyosimuliwa na babake. Wakikutana mbele ya hakimu au katika kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, mwenye karatasi ndiye anayesikizwa.

Kwa walimu na wanafunzi wasomao safu hii, nina ombi ambalo halihitaji kungoja waziri wala gavana. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi achunguze mazingira na historia ya kaunti yake. Badala ya kumwagiza anakili kutoka mtandaoni, mpelekeni katika stoo ya shule, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, aandike kilichomo: daftari za miaka ya nyuma, picha za timu, barua, kombe, ngoma, mashine kuukuu ya kupigia chapa. Mwachieni aandike na jina la kila kitu kwa Lwisukha, Lwidakho au lugha yoyote ya nyumbani kwao. Chini ya sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012, waraka wa mwelekeo wa matumizi ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla ya kupitishwa. Nendeni katika kikao hicho na orodha yenu, someni vitu vitatu vya kwanza, na muulize ni fungu gani la bajeti litakalovitunza.

Kaseti zangu saba zilizosalia nimezipeleka kwa fundi anayezihamisha polepole, kila moja kwa gharama yangu. Kama kuna msomaji mwenye mashine ya kuchezea kaseti inayofanya kazi, na isiyomeza utepe, nitamshukuru akiniazima.